Njia Panda ya Castle Bruce

Madereva wa watalii wa gatini Roseau tulikuwa wanaume watupu, isipokuwa Ferdina Darroux. Na kwa maneno alitushinda wote. Ferdina akimwonyesha mgeni jiwe la kawaida tu kando ya barabara, mgeni huyo atashuka alipige picha kisha amshukuru. Tulikuwa tukimtania kwamba siku akikosa la kusema, kisiwa chetu chote cha Dominika kitazama baharini.

Asubuhi hiyo ya Novemba meli iliingia na mvua. Ilisimama pale gatini, nyeupe, imelizidi kila jengo la mji wetu kwa urefu, na watalii wakaanza kushuka na makoti yao ya nailoni. Mimi nilipangiwa Trafalgar kwenye maporomoko ya maji, kama karibu kila mtu. Ferdina peke yake alikuwa akielekea upande wa pili wa kisiwa, upande wa upepo.

"Na mvua hii?" nilimuuliza. "Utawaonyesha nini huko, ukungu?"

"Nitawaonyesha ukungu, Octave, na watausifu. Wewe kaa na foleni yako ya Trafalgar, mbanane kama dagaa kwenye kopo."

Nilijua kilichokuwa kikimvuta. Binti yake wa pekee, Jolène, alikuwa anaishi huko Anse Figuier, kijiji kilicho mwisho kabisa wa barabara, kwa Ma Titine, bibi wa mchumba wake. Mchumba mwenyewe alikuwa Antigua akijenga mahoteli. Jolène alikuwa na mimba ya miezi minane. Ferdina hakupenda mtoto wake akae mbali hivyo, lakini Jolène alisema hewa ya mjini inamtia kichefuchefu, na ukaidi ule aliurithi kwa mama yake, kwa hiyo hakukuwa na wa kumlaumu.

Ndani ya kibasi cha Ferdina walikaa abiria tisa. Mbele alikaa Bwana Prescott, Mmarekani mstaafu mwenye saa kubwa ya mkononi aliyokuwa akiitazama hata kabla safari haijaanza, pamoja na mkewe Gail. Nyuma yao bibi mmoja wa Kinorwe, Ingeborg, mjane mwenye fimbo. Kisha vijana wawili kutoka Poland, Tomasz na Alicja, waliooana mwezi uleule. Na nyuma kabisa wanawake wanne wa Kikanada ambao huko kwao huimba kwaya pamoja, na waliimba njia nzima kupanda mlima wa Pont Cassé.

Walivuka milima salama. Walipofika Castle Bruce, ufukweni, mvua ilipungua kidogo. Ferdina akawanunulia madafu kwa muuzaji wa pale, na wageni wakasimama wakinywa huku wakiyatazama mawimbi ya Atlantiki, ambayo upande ule hayana adabu. Hapo ndipo simu yake ilipolia.

"Ferdina, mwanangu, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Ma Titine.

"Niko Castle Bruce na wageni. Kuna nini? Mbona unahema?"

"Mwanao anavuja damu. Tangu alfajiri. Nilitaka kukupigia, akanikataza, akasema uko kazini. Nilidhani itakata. Sasa godoro lote limeloa, Ferdina."

"Gari la wagonjwa?"

"La Marigot ni bovu, hili limetoka Roseau, limekwama. Mlima umeporomoka Pont Cassé, barabara yote imejaa udongo na miti. Nesi Laronde wa zahanati yuko hapa na mimi. Anasema hana la kufanya, apelekwe Marigot hospitali sasa hivi. Na hapa hakuna gari. La jirani yetu Philo limefunguliwa injini, liko vipande vipande uani."

Ferdina alikuwa amepita Pont Cassé muda mfupi tu uliopita. Alielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, hakuna mtu kutoka mjini atakayemfikia Jolène. La pili, yeye na wageni wake nao wamefungiwa upande huu. Njia ya kurudi melini sasa ilikuwa moja tu: kwenda kaskazini hadi Marigot, kuzunguka kichwa cha kisiwa, kisha kushuka pwani ya magharibi mpaka Roseau. Wakiondoka palepale wangeiwahi meli, tena kwa shida. Lakini Anse Figuier iko kusini.

Alinipigia mimi.

"Octave, uko wapi?"

"Trafalgar. Vipi, mbona—"

Nilisikia mawimbi.

"Basi," alisema.

"Basi nini? Ferdina? Ferdina!"

Alikuwa ameshakata. Nilirudia kupiga, simu inatumika. Alikuwa anaongea na ofisi ya safari, na kijana wa zamu akamwambia kwa upole kwamba anamhurumia sana, dada yangu, lakini wageni kwanza, zunguka kaskazini sasa hivi.

"Sawa," Ferdina alimjibu.

Akawapandisha wageni garini, akawaambia watarudi kwa njia ya kaskazini, akawahesabu kwa kidole kama kawaida yake, akawasha. Pale njia panda ya Castle Bruce, ukitoka ufukweni, kulia ni kaskazini, kushoto ni kusini. Ferdina alisimama. Aliniambia baadaye kwamba mikono yake ilijifunga kwenye usukani kama ya mtu aliyeshikwa na umeme. Kisha akakata kushoto.

Na akaendelea kuongea. Hilo ndilo lililonishangaza nilipohadithiwa. Aliwaambia wageni habari za mashelisheli, jinsi yalivyoletwa kwa meli kuwalisha watumwa nao wakayakataa. Aliwaonyesha mdalasini unaoota mlimani. Aliwachekesha. Sauti ilikuwa ileile, lakini mguu wake ulikuwa umekanyaga mafuta na kibasi kilikuwa kinazikata kona kwa namna ambayo vikombe vya madafu vilikuwa vinaviringika sakafuni.

"Bi dereva," Bwana Prescott alisema, "mbona bahari iko kushoto?"

"Kuna mahali pazuri zaidi mbele, bwana. Wageni wachache sana wamepaona."

"Tungekwenda kaskazini, bahari ingekuwa kulia."

"Ni kweli, bwana. Na mbele yetu sasa, mtaona mnanasi mwitu unaoota juu ya—"

"Simu yangu inaonyesha tunakwenda kusini. Hii barabara inaishia kijijini. Haiendi popote!"

Ferdina akakanyaga breki. Gari likasimama katikati ya barabara, mbele ya kiduka cha pombe cha mzee Clarence. Aligeuka akawatazama wote, na maneno, yale maneno yake yasiyokauka, yakamkauka.

"Binti yangu anakufa," alisema.

Waipa zilikuwa zinakwenda na kurudi. Akawaeleza yote, bila mpangilio: damu, mlima ulioporomoka, injini ya Philo, meli. Hakuficha kwamba wakienda Anse Figuier meli itawaacha.

"Ulitudanganya," alisema mmoja wa wale wanakwaya. Alikuwa analia. "Ungetuuliza pale ufukweni."

"Mngekubali?"

"Sijui. Lakini ungetuuliza!"

"Mama, hatukatai kusaidia," alisema Bwana Prescott, naye uso umemwiva. "Lakini sisi ni watu tisa. Dawa zangu ziko melini. Hati za kusafiria ziko melini. Huwezi kutuchukua kama mzigo wa viazi ukatupeleka unakotaka. Tuna haki."

"Mna haki," Ferdina alisema. "Mimi sina. Nawaomba tu."

Hapo yule bibi mwenye fimbo, Ingeborg, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, aliigonga sakafu ya gari kwa fimbo yake.

"Tunapoteza wakati. Anayetaka kushuka ashuke. Wewe, endesha."

Mzee Clarence alikuwa ameshatoka dukani na mwavuli, maana ugomvi ni ugomvi hata kwenye mvua. Aliposikia habari, alisema mpwa wake ana pikapu, anaweza kuwachukua watu watano au sita mpaka Roseau kwa njia ya kaskazini, kama hawatajali kukaa juu ya magunia ya magimbi. Wanakwaya wakashuka, vichwa chini. Bwana Prescott akashuka, akamnyooshea mkewe mkono.

"Gail. Njoo."

Gail hakusogea.

"Gail, meli inaondoka."

"Basi iondoke. Wewe nenda."

"Una wazimu? Hawa watu huwajui!"

"Nimezaa mara tatu, Walter, na kila mara ulikuwa kazini. Funga mlango, mvua inaingia."

Bwana Prescott alisimama pale na mkono wake hewani mpaka gari lilipoondoka.

Kabla ya Anse Figuier kuna mto mdogo. Siku za kiangazi watoto huuruka, na juu yake limejengwa daraja la zege, fupi, halina kingo. Ferdina alipofika hakuliona daraja. Aliona maji ya rangi ya matope yakipita kwa kasi na matawi, na ng'ambo, watu wamesimama. Walikuwa wameshamleta Jolène mpaka pale, wamemlaza juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake, wamemfunika turubai. Ma Titine alikuwa amepiga magoti matopeni.

"Usije na gari!" wanaume walikuwa wanapiga kelele. "Litachukuliwa! Usije!"

Ferdina akashuka, akavua viatu, akaingia majini. Maji yalimfika mapajani, na alipoteleza mara moja Tomasz alimfuata akamdaka kiunoni, kijana wa watu ambaye asubuhi alikuwa anampiga mkewe picha za maua. Wakavuka wakiwa wameshikana. Ferdina aliinua turubai.

Jolène alikuwa mweupe midomo. Aliyafungua macho.

"Mama? Nani huyu mzungu?"

"Mtalii."

"Umekuja kunichukua na watalii?"

"Walikuwa njiani. Nyamaza, usipoteze nguvu."

"Mama, mtoto hachezi," Jolène alisema kwa sauti ndogo. "Hajacheza tangu asubuhi."

Ferdina aliisikia kauli hiyo na hakuijibu. Aliniambia aliisukuma huko nyuma ya kichwa chake, akaiwekea mlango, akaufunga. Wanaume sita wakaubeba ule mlango wa kweli juu ya mabega yao, wakaingia mtoni, huku wengine wameshikana mikono upande wa chini kama ukuta, iwapo mtu atachukuliwa. Katikati ya mto mmoja wao aliangukia goti. Mlango ukainama. Jolène akapiga ukelele, na Ma Titine ng'ambo akaanza kumwita Mungu kwa Kikrioli, akimlaumu waziwazi kama jirani aliyemkosea. Lakini yule mtu aliinuka, na wakavuka.

Walilaza viti, wakamweka Jolène chini, kichwa chake mapajani mwa Ingeborg. Nesi Laronde alipanda naye, na Gail akapewa chupa ya maji ya dripu aishike juu. Alicja alichukua mataulo yote ya ufukweni yaliyokuwa garini, mataulo ya meli, yenye nembo, na nesi akayatumia moja baada ya jingine. Hakuna aliyeuliza yanatupwa wapi.

Safari ya kwenda Marigot, Ferdina aliiendesha kwa kioo cha nyuma zaidi kuliko cha mbele. Kila mara aliuliza, "Yuko macho?" Na nesi alijibu, "Yuko. Endesha." Kisha nesi akasema kwa sauti kali, "Jolène! Jolène, nitazame!"

"Mwongeleshe," Gail alimwambia Ferdina. "Anakusikia wewe."

Ferdina alifungua kinywa. Hakuwa na dua, hakuwa na wimbo. Kitu pekee kilichokuja ni kile alichokisema kila siku ya kazi.

"Sasa tunaingia nchi ya Wakalinago," alisema, "wenyeji wa kwanza wa kisiwa hiki. Kushoto kwenu mnaona vikapu vinavyosukwa kwa mmea wa larouma. Kikapu hicho ukikijaza maji, hakivuji."

"Muongo," Jolène alinong'ona. "Kinavuja. Ulininunulia, kikavuja."

"Ulikipasua mwenyewe! Ulikikalia!"

"Kilivuja kabla."

"Wageni wangu, msimsikilize huyo. Mbele yetu, kulia, ni mahali ambapo nyoka mkubwa alitoka baharini akapanda mlimani, na ngazi yake ya mawe ipo mpaka leo…"

Akaendelea hivyo, akilia na kusimulia, mpaka walipokata kona na kukuta mti.

Ulikuwa mti mkubwa, umelala barabara nzima na mizizi yake juu. Mbele yake ilikuwa imesimama pikapu ya mpwa wa Clarence. Wanakwaya walikuwa wamekaa juu ya magunia, wamejifunika plastiki. Bwana Prescott alikuwa amesimama barabarani na saa yake, akiwatazama vijana wa Kikalinago wanavyoukata mti kwa mapanga.

Ferdina alipiga honi, akauacha mkono juu yake. Kisha akashuka, akampokonya kijana mmoja panga, akaanza kukata. Hakuwa anakata kwa akili. Alikuwa anapiga popote, na vipande vinamrukia usoni, na kijana anasema, "Mama, polepole, utajikata mguu," naye hasikii.

Bwana Prescott alikwenda mlangoni pa kibasi. Akachungulia. Alimwona mkewe amepiga magoti, chupa imeinuliwa juu, mkono mmoja umelowa damu mpaka kiwikoni. Yule mzee alivua saa, akaitia mfukoni, akarudi kwenye mti akaanza kuvuta matawi. Aliyavuta kama mtu anayegombana nayo. Wanakwaya nao wakateremka. Njia ilipopatikana, nyembamba, ya kukwaruza gari pande zote mbili, dereva wa pikapu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alirudi nyuma bila kuambiwa.

Marigot waliwapokea mlangoni. Walikuwa tayari, maana Ma Titine alikuwa amepiga simu kwa kila mtu anayemjua, na daktari alikuwa amevaa glavu. Machela ilipita milango miwili, na mlango wa pili ukafungwa mbele ya uso wa Ferdina.

Alibaki pale. Nguo zilikuwa zinamchuruzika maji ya mto. Ingeborg alimletea kiti, hakukaa. Tomasz na Alicja walikwenda kuulizia kutoa damu. Gail alikuwa ananawa mikono kwenye beseni la ukutani, ananawa tena na tena, na baadaye meli iling'oa nanga upande wa pili wa kisiwa. Prescott aliiwahi, yeye na wanakwaya, maana ilichelewa kuondoka. Nilimwona mimi kwa macho yangu pale gatini, anapanda ngazi ya meli peke yake, suruali imejaa matope, na mara mbili alisimama kama mtu aliyesahau kitu.

Daktari alitoka jioni ikianza kuingia. Alikuwa kijana, na alimshika Ferdina mikono yote miwili kabla hajasema, kwa hiyo Ferdina alijua.

"Binti yako yupo. Amepoteza damu nyingi, lakini yupo. Mtoto hatukumpata."

"Nini maana yake, hamkumpata?"

"Moyo wake ulikuwa umeshasimama, mama. Alikuwa wa kike."

"Tangu lini? Ulisimama lini?"

"Hatuwezi kujua."

"Kwenye mti? Tulikaa sana kwenye mti. Au dukani? Nilisimama kugombana dukani. Nilipiga simu mbili kabla ya kuondoka, daktari, simu mbili, na mto—"

"Mama. Hatuwezi kujua."

Ferdina akakaa sakafuni. Alilia kwa sauti ambayo, Gail alisema, iliwatoa wagonjwa vitandani. Ingeborg hakuweza kuinama kwa sababu ya magoti yake, akasimama karibu naye tu, ameuweka mkono juu ya kichwa chake.

Watu wa Marigot waliwachukua wageni wale wanne wakawalaza majumbani mwao, wakawapa nguo kavu na mchuzi wa samaki. Kesho yake, kwa hati zao ambazo meli ilikuwa imeziacha gatini, wote walipanda ndege kuifuata meli kisiwa kingine, isipokuwa Ingeborg. Yeye alisema hana wa kumkimbilia. Alikaa mpaka mazishi. Tulimzika yule mtoto Anse Figuier, kwenye sanduku ambalo Philo alilitengeneza kwa mbao za mahogani, na mchumba wa Jolène alifika kutoka Antigua saa tunashusha, bado amevaa kofia ya kazi. Ingeborg alisimama kando ya Ma Titine. Hakuna aliyejua lugha ya mwenziwe vizuri, na walishikana mikono muda wote.

Ofisi ya safari ilimwondoa Ferdina. Walisema alidharau agizo na aliwaacha abiria barabarani, na hayo yote yalikuwa kweli. Tulitaka kugoma kwa ajili yake, akatukataza.

"Mtagoma, kisha mtakula nini?" alituambia. "Maneno yenyewe sina tena, Octave. Nikipanda garini nitawaambia nini watu?"

Alimleta Jolène nyumbani kwake Newtown, hapahapa Roseau. Mchumba alikaa wiki moja, kazi ikamwita. Wakabaki wawili ndani ya nyumba, na Jolène alikuwa halii, hali, hasemi. Analala ameuelekea ukuta. Ferdina aliyekuwa haishiwi maneno alikuwa anaingia na chai, anatoka na chai. Kila nilipokwenda kuwasalimu nilikuta redio imezimwa. Niliogopa. Nilimwambia mke wangu kwamba pale tutazika mara ya pili, na sijui tutamzika nani.

Kilichotokea nilisimuliwa na Ferdina mwenyewe, miezi mingi baadaye. Ilikuwa asubuhi, anafagia chumbani, na Jolène akasema bila kugeuka:

"Mama. Ungekuja mara moja, bila kusimama popote, angepona?"

Ferdina aliushika ufagio. Alikuwa amejiuliza swali hilo kila siku, na alikuwa na majibu mengi aliyoyaandaa, ya kumtuliza mtoto, ya kujitetea, ya kumsingizia Mungu. Alikuwa anajua kusimulia. Angeweza kusimulia.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Daktari hajui. Mimi sijui. Nitakufa sijui."

Nje mtu alikuwa anatangaza samaki kwa baragumu la kombe. Kisha kitanda kikalia, na Ferdina alipotazama aliona binti yake amejisogeza ukutani, ameacha nafasi.

"Mimi nilikataza wasikuite," Jolène alisema. "Njoo ulale hapa."

Ferdina aliuegemeza ufagio mlangoni, akapanda.